Theluji ya Julai

Safari ya Japani ilianzia ndani ya friza. Si friza ya nyumbani ya kuwekea samaki. Ni ghala zima la Wetherill Park, magharibi ya Sydney, refu kiasi kwamba mtu akiwa mwisho wake humtambui, baridi yake nyuzi ishirini chini ya sifuri, ambamo mimi na dada mmoja wa Kikongo tulikuwa tukipanga maboksi ya vyakula vilivyogandishwa. Ulikuwa mwaka wa pili wa korona. Sydney ilikuwa imefungwa, na sisi wa magharibi ya jiji tulibanwa kuliko wenzetu wa ufukweni. Humtembelei mtu, hupokei mgeni, hutoki eneo lako bila kibali. Sisi vibali tulipewa, maana lazima watu wale. Kila asubuhi nilitoka nyumbani Ingleburn na karatasi yangu kwenye kiti cha pembeni, barabara tupu kushoto na kulia, nikaendesha kama mtu anayeota huku akijua kabisa kwamba anaota.

Humo ndani ndoto ilizidi. Mlango mkubwa ukifunguliwa, hewa ya nje huingia ikagongana na ya ndani, na chembe ndogo za barafu huanza kushuka kutoka darini. Hazina haraka. Zinaelea kwenye mwanga wa taa, zinatua kwenye kofia, kwenye nyusi, kwenye maboksi, na kelele zote za mashine zinasikika kwa mbali. Mara nyingi nilisimama tu nikazitazama mpaka mtu akaniita. Nilizaliwa Tanga, mji ambao mtu akivaa sweta anaulizwa kama anaumwa, na hapo nilikuwa nimesimama chini ya kitu kinachofanana na theluji, nikilipwa.

Siku moja ilikuja shehena ya sambusa zile za Kijapani za kuchemsha. Kila boksi lilichorwa mlima, nyumba yenye paa la mteremko mkali, theluji imefika madirishani, na mtoto amesimama mlangoni anacheka. Dada akasimamisha toroli lake. Akafuta barafu kwenye mchoro kwa glovu.

"Mudogo yangu, hapa ni wapi?"

"Japani, dada."

"Batu banaishi humo?"

"Wanaishi, mbona."

"Na banacheka," akasema, kana kwamba hilo ndilo lililomshinda.

Mimi nina ugonjwa wa kujua kila kitu. Nikiulizwa swali nisilolijua jibu, silali vizuri. Wiki hiyo hiyo niliagiza kitabu maktaba, wakati ambapo maktaba zenyewe zilikuwa zimefungwa, na vitabu vinatiwa kwenye mfuko wa karatasi na kuachwa juu ya meza nje, uchukue uondoke. Kilikuwa kitabu kizito cha picha za mikoa ya kaskazini mwa Japani wakati wa baridi. Nikazipiga picha kurasa zake kwa simu, nikaenda nazo kazini.

Kwa utaratibu wetu, ukifanya kazi ndani ya friza kwa muda fulani lazima utoke upate joto. Tulikuwa tunakaa uani juu ya mapaleti ya mbao ya kubebea mizigo, juani, mita moja na nusu kati yetu, tukiwa bado na makoti yetu mazito na moshi unatutoka mabegani. Hapo ndipo nilipomsomea. Nilimsomea habari za wazee wanaotengeneza birika za chuma, za figili zinazoning'inizwa juu ya moto zikaushwe kwa moshi, za nyumba ambazo moto wake uko katikati ya sebule na watu wanauzunguka. Ila kilichotukamata kilikuwa kimoja. Katika mji mmoja wa mkoa wa Akita, kila Februari, watu hujenga vibanda vya theluji, vya mviringo, kila kimoja kinatosha watu watano sita. Watoto hukaa ndani na mshumaa na jiko dogo la mkaa, wakawaita wapita njia: ingieni, karibuni. Ukiingia unapewa uji mtamu wa mchele na kipande cha mkate wa wali.

Mwezi huo wa Februari niliusoma kwa macho yangu mwenyewe, kwa sauti, halafu sikuujali. Naliandika hili mapema ili mjue nilivyo.

"Banaanza benyewe?" dada akauliza. "Mutu hapigi hodi?"

"Hapigi. Wa ndani ndiye anayeanza."

Tulilitafakari hilo. Kwetu wa nje ndiye anayebisha, na kama hajaitikiwa mara tatu anaondoka zake. Na mwaka ule hakuna aliyekuwa akibisha wala akiitikia, na mimi nilikuwa sijaingia nyumba ya mtu kwa miezi. Nadhani wazo la watoto kumwita mtu wasiyemjua aingie lilitulevya kidogo.

Inafaa niwaeleze dada huyu ni nani. Kwao ni Uvira, mashariki ya Kongo. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita, mwili mkubwa, sauti ndogo, na mkono mwepesi kuliko vijana wote wa shifti yetu. Alitoka kwao kwa vita, akavuka Ziwa Tanganyika na watoto watatu, akafika nchini kwangu, akaishi kambini miaka kumi na sita kabla ya kuletwa Australia. Miaka kumi na sita Tanzania! Siku aliponiambia nilifurahi kijinga, nikamuuliza kama alifika Tanga, Arusha, hata Dodoma.

"Mudogo yangu," akaniambia bila hasira yoyote, "kutoka kambini ni lazima kibali. Inchi yako nilikaa miaka yote ile na sikuiona."

Nilikuwa nimesoma shule, nimefanya kazi, nimeolewa na kuachika katika nchi hiyo hiyo, na muda wote huo yeye alikuwa humo humo akisubiri. Niliona haya, na haya hiyo haijaniisha mpaka leo.

Basi siku moja pale juani aliniambia kwa nini anaitaka Japani. Hakuzungumzia theluji. Alisema frontière zote, yaani mipaka, alizovuka maishani alizivuka akikimbia, au akihamishwa na watu wengine kwa karatasi za watu wengine. Anataka kuvuka mara moja tu kama mgeni, kwa hiari yake, kwa miguu yake. Na hapo akakiri kwamba anaogopa. Akisimama mbele ya ofisa wa mpaka, maneno yanamvurugika. Nami, kwa kiherehere changu, nikamwahidi.

"Nitasimama mbele yako kwenye foleni. Nikishapita mimi, wewe unanifuata tu. Hutasema neno."

"Unasema kweli?"

"Kweli tupu."

Ahadi hiyo ndiyo iliyokuwa safari yetu. Mengine yote yalikuwa mapambo.

Na mapambo tuliyapamba. Nilinunua daftari, nikaandika kila kitu kwa Kiswahili: treni ya kuchukua, mahali pa kubadilisha, nyumba ya wageni yenye moto sebuleni. Tulibishana kuhusu mabafu yao ya maji ya moto, ambayo wanawake huingia pamoja bila nguo. Nilisema mimi wa Tanga sivui mbele za watu hata wanilipe. Dada akacheka mpaka barakoa ikamshuka puani. Kambini, akasema, walioga bila pazia na maji yalikuwa ya baridi; haya angalau ni ya moto. Tukiwa ndani tulijifanya tumeshafika. Tunapita kati ya rafu ndefu na yeye ananionyesha mlima upande wa kulia, ambao ni mapaleti ya njegere, nami namwambia awe mwangalifu, hapa theluji ni laini. Vijana wa shifti walituona wanawake wawili wazima tunaongea na njegere. Sijui walituonaje, na sikujali.

Kufungiwa kukaisha, mipaka ya Australia ikafunguliwa. Dada alikuwa hana pasipoti ya nchi yoyote bado. Alikuwa anangoja sherehe yake ya uraia, iliyoahirishwa mara kadhaa kwa ajili ya korona. Mimi sikungoja. Mwezi Januari nilikwenda kwa msimamizi nikajaza fomu: wiki tatu za likizo, Julai. Ghala letu halitoi likizo ovyo, anayewahi ndiye anayepata, na mimi nikitaka kitu nakiwahi. Dada nikamwambia ajaze yake pasipoti ikitoka.

Kwa nini Julai? Kwa sababu Julai ni baridi! Tanga Julai ni kipupwe, upepo wa kusi unavuma na bibi zetu wanajitanda khanga mbili. Uvira Julai ni kiangazi, vumbi, na alfajiri zinauma. Sydney Julai ninakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Popote nilipowahi kuishi, na popote dada alipowahi kuishi, Julai ni mwezi wa baridi, na safari yetu ilikuwa ya wakati wa baridi. Haikutupitia akilini hata sekunde moja kwamba jambo hilo lina mipaka. Jiografia kidato cha nne nilipata B. Niliwahi kuichora dunia imelala upande na jua na mishale yake yote, nikapewa alama kamili, na elimu hiyo ikabaki kwenye karatasi ya mtihani.

Dada alikula kiapo chake mwezi wa Mei, katika ukumbi wa halmashauri, amevaa kitenge kipya, akapewa cheti na mche wa mti wa kienyeji kwenye kopo. Kanisani kwao wakamwombea safari njema ya Julai. Mwanamke mmoja alimfumia soksi za sufu.

Ilikuwa Juni, Jumamosi mchana, ninakunja koti langu la theluji sebuleni. Binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alikuwa kwenye kochi na simu. Yeye Kiswahili anakisikia chote na anakijibu kwa Kiingereza.

"Mum, why are you packing that?"

"Huko kuna theluji, mwanangu."

"In July? It's summer there." Hakuinua hata macho. "Northern hemisphere, Mum. It's opposite."

Nilimwambia asinifundishe. Nilimwambia kwa ukali, nikamtuma akaoshe vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Kisha nikafungua kile kitabu, nilichokuwa nimekiazima tena kwa mara ya sita, nikakuta Februari imeandikwa kila ukurasa. Nikatafuta picha za Akita mwezi wa Julai. Watoto walikuwa wanakula tikiti maji.

Na si hilo tu. Japani yenyewe ilikuwa bado haijawafungulia watu wanaosafiri kivyao; nilikuwa nimejipa moyo tu kwamba ikifika Julai watafungua. Kwa hiyo theluji haikuwepo na mlango ulikuwa umefungwa. Nilikosea mara mbili kwa fomu moja.

Jumatatu nilikwenda kwa msimamizi nikitabasamu kwa adabu zote za Tanga. Nikamwomba anihamishie likizo mwezi wa Februari.

"Can't do it," akasema. "I've already got someone in to cover you in July. And it's one long leave every twelve months."

Alishamweka mtu wa kunishikia Julai, na likizo ndefu ni moja kwa kila miezi kumi na miwili. Nikabembeleza. Nikaomba hata likizo isiyo na malipo. Akatikisa kichwa. Nilitoka mle ofisini nimeivimbia dunia nzima, na kwanza kabisa nafsi yangu.

Dada nilimwambia juani, pale pale kwenye mapaleti. Nilitegemea atacheka, mimi ningekuwa yeye ningecheka. Hakucheka. Alivua glovu, moja, halafu ya pili, akaziweka magotini.

"Kwa hiyo sitaenda," akasema.

"Utakwenda Februari. Mimi ndiye sitakwenda."

"Nani atasimama mbele yangu?"

Ahadi yangu ilikuwa hiyo. Katika ujinga wangu wote wa miezi na misimu, hilo ndilo lililoniuma.

Likizo yangu niliila nyumbani Ingleburn, wiki tatu, nikiwa nimevaa koti la theluji kwa sababu nyumba yenyewe ni baridi. Mvua ilinyesha. Katika wiki ya pili dada alikuja kunitembelea kwa treni, akabisha hodi mara tatu, akanionyesha pasipoti yake mpya. Aliitoa kwenye mfuko wa nailoni uliokuwa ndani ya bahasha iliyokuwa ndani ya pochi. Tuliiweka mezani tukaitazama wakati chai inapoa. Picha ilimtoa mkali. Kurasa zote zilikuwa nyeupe, na alizifungua moja moja mpaka mwisho, akizilainisha kwa kiganja. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba tungoje mwaka mwingine, tuende wote.

Nitasema ukweli: nilifurahi. Nilitaka angoje. Nilikuwa nimeshamwona moyoni akiingia kwenye kibanda cha theluji bila mimi, na wivu ulinishika. Nikamwambia sawa, tutangoja, tukamaliza chai. Nilimsindikiza mpaka stesheni, nikarudi nikilijua nililofanya. Mtu huyu alishangojeshwa miaka kumi na sita na nchi yangu, na sasa nilikuwa ninamwongezea mmoja kwa jina langu.

Oktoba Japani ikafungua. Siku hiyo nilimwambia aende, na nikamwambia vibaya, maana mimi jambo likinikera nalisema kwa ukali hata kama ni jema. Nilisema asinifanye mimi kuwa kisingizio. Nilisema mwanamke aliyevuka Ziwa Tanganyika kwenye mvua na watoto watatu hawezi kushindwa na treni inayofika kwa dakika.

"Ziwa halikuniuliza kitu," akanijibu. Akainuka akarudi ndani kabla ya muda.

Wiki mbili hatukuongea. Tulipishana kati ya rafu, kila mmoja na toroli lake, chembe za barafu zinatushukia wote sawasawa, na hakuna aliyeuonyesha mlima kwa mwenziwe. Nilisikia upweke ambao sikuusikia hata wakati wa kufungiwa. Siku ya kumi na tano alikuja akakaa mahali pake juani, akaniwekea mapajani karatasi iliyochapwa. Ilikuwa tiketi, Februari, jina lake peke yake. Likizo alikuwa ameshaomba, na amepewa.

"Lete ile daftari," akasema. "Na uandike vizuri, mwandiko yako ni mubaya."

Niliandika upya kurasa zote. Niliandika kila stesheni na kila rangi ya treni. Kwenye ukurasa wa uhamiaji nilikaa na kalamu muda mrefu, kwa sababu sikujua ofisa atasema nini, na maneno ya kumpa sikuwa nayo. Niliandika: toa pasipoti, vua barakoa ukiambiwa. Basi.

Februari nilimpeleka uwanja wa ndege. Kulikuwa na joto la kuyeyusha lami, naye amevaa soksi za sufu. Alinishika mkono mpaka pale ambapo msindikizaji haruhusiwi kupita, kisha akauachia, akaenda, na hakugeuka. Nilidhani amekasirika. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anasali.

Kesho yake saa nne asubuhi nilitoka friza kupata joto. Simu ilikuwa na ujumbe wake wa sauti. Nikakaa uani kwenye paleti, peke yangu, koti hadi kidevuni, nikausikiliza.

Alisema foleni ilikuwa ndefu na hofu yake ilikuwa ile ile. Alisema ofisa alikuwa binti mdogo mwenye barakoa. Walimwekesha vidole kwenye kioo, na alipoviona vidole vyake kwenye kioo akasema moyoni, njo hii sasa, yaani ndiyo hii, imeanza, kwa sababu hivyo ndivyo walivyomfanya kambini. Basi akafungua pochi akaitoa bahasha. Mimi sikujua kwamba bahasha ile ina zaidi ya pasipoti. Ndani yake alikuwa ameweka kila karatasi aliyowahi kupewa: kadi ya mgao wa chakula, barua ya kambi, picha za watoto wakiwa wadogo, cheti cha uraia. Akazipanga zote juu ya kaunta. Na bila kuulizwa akaanza kueleza, kwa Kiingereza chake, kama alivyozoea kuwaeleza maofisa wote wa maisha yake: kijiji gani, usiku gani, nani aliuawa, njia gani walipita, mtumbwi wa nani.

"Na ule binti alinisikiliza," ilisema ile sauti ndogo. "Batu banangoja nyuma yangu, na yeye ananisikiliza. Nikafika pa ziwa. Akakusanya karatasi zangu zote, polepole, akanirudishia kwa mikono mbili. Akaniuliza kintu moja tu. Mudogo yangu, tangu nizaliwe hakuna mutu wa frontière alishaniuliza ile. Aliniuliza nitakaa siku ngapi."

Nyuma yake nilisikia matangazo ya uwanja wa ndege, na magurudumu ya masanduku yakipita.

"Nikamwambia kumi na mbili," akasema. "Nikamwambia, halafu ninarudi kwangu."